Mwanzo wa Kisangani: Kisiwa, Liwali na Reli

Kituo cha kwanza cha Wazungu katika eneo la Kisangani kilijengwa kisiwani, si pale ulipo mji leo. Tarehe 1 Desemba 1883 Henry Morton Stanley alifika chini ya maporomoko kwa boti za mvuke, akafanya shauri na wazee wa huko, akapata mahali katika kisiwa cha Wana Rusari. Baada ya siku chache aliondoka, akamwachia kituo Mskoti mmoja, fundi wa mitambo aliyeitwa Binnie, pamoja na kikosi kidogo cha askari. Kwa hiyo anayetafuta mwanzo wa mji huu autazame mto kwanza, majumba baadaye.

Maporomoko hayo ya Boyoma, ambayo Wazungu waliyaita Stanley Falls, ni saba. Yameenea kwa kadiri ya kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na katika mwendo huo mto hushuka mita 60 hivi. Meli zitokazo Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, hukomea hapo, na mizigo ya kutoka juu nayo lazima ishushwe. Poromoko la mwisho, lililo jirani na mji, ni la Wagenia, ambao walikuwa wakivua hapo kabla Stanley hajapita mara ya kwanza mnamo Januari 1877. Hadi leo husimika miti mikubwa katika nyufa za miamba, huifunga kwa kamba za porini, kisha hutega humo madema marefu yenye midomo mipana ili maji yenyewe yasukume samaki ndani. Watalii huja kupiga picha. Wengi hawaambiwi kwamba ustadi huu ni mkongwe kuliko kila ukuta uliosimama mjini.

Wageni wa pili wa maporomoko walitoka mashariki. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wenye makao Nyangwe na Kasongo, waliteremka na mto wakitafuta pembe za ndovu na kuteka watu, na kituo cha kisiwani kikajikuta kimezungukwa nao. Mwaka 1886 mkuu wa kituo, Mwingereza Walter Deane, alimpa hifadhi mwanamke aliyemtoroka bwana wake, akakataa kumrudisha. Mapigano yakazuka mwezi wa Agosti. Risasi zilipokwisha askari walikimbia, Deane akachoma kituo na kuingia msituni. Msaidizi wake, Mbelgiji Dubois, alizama mtoni.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, hakuwa na jeshi la kukirudisha kituo, basi akamwajiri mtu ambaye yeye hangeweza kumshinda. Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alitia saini mkataba wa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Yeye na Stanley wakasafiri kwa meli kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika, wakapanda mto, na Tippu Tip akafika maporomoko. Jambo hili halisemwi vya kutosha: uliwali wa Dola Huru ya Kongo hapa ulishikwa na Mzanzibari, na bendera ya Leopold ikapepea katika mji wa biashara uliosema Kiswahili. Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Zanzibar, asirejee tena. Rashid, mwana wa ndugu yake, alishika nafasi hiyo mpaka vita vya Waarabu na Dola vilipofika maporomoko Mei 1893 naye akashindwa.

Mwaka huohuo wa 1890, mwezi wa Septemba, baharia Joseph Conrad alifika hapo na meli Roi des Belges, akakaa siku chache tu. Katika safari ya kurudi alifia melini wakala wa pembe, Georges-Antoine Klein. Wasomaji wa Ulaya wanalijua eneo hili kwa riwaya ya Conrad iliyozaliwa na safari hiyo kuliko kwa maandishi ya Tippu Tip mwenyewe. Kumbukumbu zake za Kiswahili zilichapwa mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya Heinrich Brode. Zisomwe kwa tahadhari, maana ni nyingi wa habari za vita na pembe, chache mno wa habari za waliotekwa.

Baada ya vita, mji wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ulikua kwenye ukingo wa kulia. Siku ya Krismasi 1897 Padre Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabriel. Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari linatazama mto katika kata ya Makiso. Ng'ambo, upande wa Lubunga, huanza reli ya Ubundu, ya kilomita 125 hivi, iliyojengwa kati ya 1903 na 1906 ili kuyakwepa maporomoko. Mwenye muda avuke kuiona, kwani ndiyo inayoeleza mji ulikuwa wa nini.

Jina la Stanley liliondolewa mwaka 1966. Vita vya miaka ya sitini, na vile vya siku sita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, viliua watu wengi na kuharibu majengo.

Karatasi za mwanzo huo ziko mbali. Nyaraka za Stanley zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na nyumba ya Tippu Tip iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Hazina kubwa ya kikoloni iliyobaki karibu ni ya mimea: mkusanyo wa mimea iliyokaushwa wa Yangambi, kadiri ya kilomita 100 chini ya mto, katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Kwa hiyo mgeni wa Kisangani asome kwanza, ndipo aende. Akifika, ashike njia kwa mpangilio wa historia: maporomoko ya Wagenia, ukingo wa Makiso, kisha Lubunga.