Taa ya bandani na sonona ya msimu wa baridi

Ndugu mfugaji wa kuku wa mayai, unajua mwanga ukipungua kuku hupunguza kutaga. Ndiyo maana tunashauri taa bandani, mwanga ufike saa 14 hadi 16 kwa siku. Leo naeleza jinsi ilivyogundulika kuwa binadamu naye huguswa na mwanga, maana wengi wenu mna watoto Ulaya na Marekani.

Mwaka 1976 daktari Norman Rosenthal alihama Johannesburg, alikozoea jua hata wakati wa baridi, akaenda New York. Baridi ya huko ilipoingia nguvu zilimwishia, kazi ikamlemea. Siku ziliporefuka akachangamka tena. Baadaye alijiunga na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake wa taasisi hiyo walionyesha kuwa mwanga mkali huzuia mwili wa mtu kutoa melatonini, homoni ya usiku. Mwanga wa kawaida wa chumbani haukutosha. Kabla ya hapo wengi walidhani hilo ni la wanyama tu.

Kisha akaja mhandisi mmoja na madaftari yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika hali yake: kila baridi anazama, kila joto anainuka. (Mnaoona uvivu kuandika kumbukumbu za banda, mpo?) Wakamkalisha mbele ya mwanga mkali alfajiri na jioni, ili mwili uone siku imerefuka. Baada ya siku chache akapata nafuu. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake wakachapisha maelezo ya wagonjwa 29 na kuupa ugonjwa huo jina, sonona ya msimu.

Mgonjwa hulala mno, hutamani vyakula vya wanga na vitamu, hunenepa, hujitenga. Stockholm mwezi Desemba mchana ni kama saa 6 tu. Basi mwanao akianza kunyamaza Novemba, usiseme ana kiburi au karogwa. Muulize analalaje, na kama mwaka jana ilikuwa hivyo pia. Amwone daktari. Tiba mojawapo ni taa maalumu ya laksi 10,000, kama nusu saa kila asubuhi, bila kuikodolea macho; wengine husaidiwa na mazungumzo na mtaalamu, wengine dawa. Mwenye ugonjwa wa macho aulize kwanza. Balbu ya bandani haitoshi. Na akitamka kwamba hataki kuishi, atafutiwe msaada siku hiyohiyo, asingoje jua lirudi.