Kodi ya Nyumba Lodwar na Kakuma: Sheria Iliyobaki 1981

Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi ya nyumba, Sura ya 296, inamlinda mpangaji ambaye kodi ya kawaida ya nyumba yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi hiyo hupimwa kwa kurejelea Januari 1, 1981. Kipimo hicho hakiwezi kumfaa mpangaji wa Lodwar ya leo.

Ugatuzi wa 2013 uliiletea Lodwar makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Mwaka mmoja kabla yake, mafuta yalikuwa yamegunduliwa karibu na Lokichar. Maafisa wa kaunti na wa mashirika wakaja na mshahara na marupurupu ya nyumba, na wenye ploti wakawajengea wao. Mwendesha bodaboda na mama auzaye samaki wa Kalokol wakabakiwa na chumba kimoja cha mabati ambacho adhuhuri hakikaliki kwa joto. Wala hawawezi kurudi kwenye desturi: mwanamke ajuaye kujenga akai, kibanda cha jadi cha Waturkana, kwa matawi na makuti ya mikoma hapati pa kuijenga mjini, kwa kuwa viwanja vimeshazungushiwa ua.

Wapo wanaoonya kwamba serikali ikipanga bei, ujenzi utasimama. Hoja hiyo ina uzito zaidi hapa kuliko Nairobi, maana saruji na mabati husafirishwa kutoka Kitale, karibu kilomita 300. Kwa hiyo sitetei bei moja ya kulazimisha. Kinachomvunja mpangaji maskini zaidi ni kupandishiwa kodi ghafla, au kurudi jioni akute kufuli ngeni mlangoni na godoro lake nje. Kodi ipande mara moja tu kwa mwaka, kwa notisi ya maandishi, na baraza la kusikiliza mashauri liketi Lodwar kwenyewe. Mjenzi hapotezi mtaji wake kwa masharti hayo.

Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, inadai zaidi. Tangu 1992 mkimbizi hupewa kiwanja cha kuishi, si cha kumiliki, ilhali vyumba na vibanda vya biashara hukodishwa kambini kila siku. Nje ya kambi pia, sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na wenye ploti wengi hawana hati. Tukisubiri hatimiliki kwanza, tutawaacha wapangaji bila kinga kwa miaka mingi, huku mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa 2025, ukitaka kambi zigeuke makazi jumuishi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Hakisemi kila mwenye hati.

Sheria mpya na iangalie makubaliano, isiangalie umiliki. Wapangaji wengi hawana mkataba ulioandikwa, lakini kodi huituma kwa simu. Basi taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya miezi mitatu mfululizo ikubaliwe kuwa ushahidi wa upangaji, awe aliyelipa ana kitambulisho cha taifa au cha mkimbizi.