Matusi na vitisho katika michezo ya mtandaoni: Wachezaji wa Jinja na Mbale wafanye nini?

Simu janja imeugeuza mchezo uliokuwa ukichezwa barazani kuwa uwanja usio na mipaka. Kijana aliyeketi Walukuba, Jinja, anaweza kuunda timu moja na mwenzake wa Namakwekwe, Mbale, pamoja na watu wawili wasiowafahamu walioko Misri au Pakistani. Michezo ya mapigano kama Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile, ile ya soka kama eFootball, hata ludo ya simuni, huwakutanisha watu ambao pengine hawatakutana ana kwa ana maishani.

Pamoja na burudani hiyo huja jambo ambalo wachezaji wengi wamelizoea kiasi cha kulihesabu kuwa sehemu ya mchezo: matusi, kejeli za kikabila na za rangi, maneno machafu kwa wasichana, na wakati mwingine vitisho vya kudhuriana. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyatambua mambo hayo, sababu zake, hatua za kuchukua, na mahali ambapo sheria ya Uganda inaingia.

Utani huishia wapi?

Si kila neno kali ni unyanyasaji. Jamii za Afrika Mashariki zina mila ndefu ya kutaniana. Nchini Tanzania, makabila yenye utani wa jadi yanaweza kurushiana maneno ambayo mgeni angedhani ni ugomvi, na hata msibani mtani huruhusiwa kufanya kituko. Lakini utani huo una kanuni: unajulikana ni nani kwa nani, pande zote mbili zina haki sawa ya kujibu, na lengo lake ni kuujenga uhusiano.

Kanuni hizo zinafaa kuwa kipimo katika michezo ya mtandaoni. Swali la kwanza ni je, anayetaniwa amekubali na anaweza kujibu? La pili, je, maneno yanahusu mchezo wenyewe, kama vile kukosa shabaha, au yanahusu kabila, dini, jinsia, umbile au familia ya mtu? La tatu, je, mwenzake akisema “inatosha”, msemaji huacha? Majibu yakiwa hapana, utani umekwisha na unyanyasaji umeanza.

Mfano wa karibu upo Mbale. Miongoni mwa Wagisu, ambao huwatahiri vijana wao katika sherehe za Imbalu kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kumwita mwanamume “umusinde”, yaani asiyetahiriwa, si mzaha mwepesi. Neno hilo humnyima hadhi ya utu uzima mbele ya jamii yake. Mchezaji wa Jinja anayelitamka kwa kicheko baada ya kushindwa mechi huenda asitambue uzito wake, ilhali anayelisikia akiwa Mbale anautambua vyema.

Zaidi ya maneno, unyanyasaji huchukua sura nyingine. Kuna wanaoihujumu timu yao kwa makusudi ili mwenzao ashindwe. Kuna wanaomfuata mtu kutoka mechi moja hadi nyingine. Kuna wanaoanika namba yake ya simu, picha au jina la shule yake bila idhini, na kuna wanaomwomba mtoto picha za utupu kwa ahadi ya almasi au zawadi nyingine za mchezoni.

Kwa nini watu hutukanana?

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza jinsi watu wanavyolegeza mipaka yao wanapokuwa mtandaoni. Asiyeonekana uso, asiyejulikana jina, na asiyeona machozi ya anayeumia, husema asiyoweza kuyasema sokoni.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba tatizo ni la watu wachache waovu. Kampuni ya Riot Games ya Marekani, inayomiliki mchezo wa League of Legends, ilichunguza mienendo ya wachezaji wake na kubaini kwamba wale wenye tabia mbaya daima walikuwa takriban asilimia 1 tu, na walichangia karibu asilimia 5 ya mwenendo mbaya wote. Sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Kwa maneno mengine, kuwafukuza wakorofi sugu hakutoshi. Inapasa kumsaidia mtu wa kawaida aizuie hasira yake.

Wachezaji wa mashariki mwa Uganda wana sababu za ziada za kupandwa na hasira. Seva za michezo mingi mikubwa ziko mbali, nje ya Afrika Mashariki, na mtandao unapolegea mchezaji hukwama huku wenzake wakiendelea. Wenzake hawaoni mnara wa simu uliolemewa. Wanachoona ni mtu aliyesimama kama nguzo, nao humwita mzigo. Gharama nayo ni kubwa: tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, hivyo mechi iliyoharibika ni fedha iliyopotea.

Tofauti nyingine ni ukubwa wa miji yenyewe. Katika Jinja na Mbale, wachezaji wa kundi moja la WhatsApp mara nyingi wanajuana kwa sura. Tusi lililotamkwa usiku kwenye kipaza sauti linaweza kumngoja mtu asubuhi shuleni au kwenye stendi ya boda boda. Ujirani huo huongeza hatari, lakini ndio pia unaotoa njia ya suluhu, kwa kuwa anayetukana ana mzazi, mwalimu au rafiki anayefahamika.

Mashine zisizojua Kigisu

Kampuni za michezo hutumia programu za kuchuja maneno. Mwaka 2023 Call of Duty ilianzisha mfumo wa ToxMod unaosikiliza mazungumzo ya sauti na kuwaarifu wasimamizi kuhusu lugha ya chuki. Mfumo huo ulianza kwa Kiingereza. Mchanganyiko wa Kisoga, Kigisu, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza unaotumiwa na vijana wa eneo hili ni mgumu kwa mashine, na neno kama “umusinde” linaweza kupita bila kizuizi.

Kwa hiyo mchezaji anayetoa ripoti asitegemee kwamba msimamizi aliye ng’ambo atalielewa tusi. Inafaa aeleze kwa Kiingereza chepesi maana ya neno lililotumika na kwa nini linaumiza. Sentensi mbili zinatosha kuitofautisha ripoti yake na zile zinazopuuzwa.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kunyamazisha. Michezo mingi ina kitufe cha kuzima sauti au ujumbe wa mchezaji mmoja, na kukitumia si woga. League of Legends ilipoyazima mazungumzo kati ya timu pinzani, huku ikimwachia kila mchezaji uhuru wa kuyafungua akitaka, lugha mbaya ilipungua kwa zaidi ya asilimia 30, na wengi waliendelea kuzungumza kama kawaida.

Hatua ya pili ni kuhifadhi ushahidi kabla ya kumzuia mtu. Picha ya skrini ionyeshe maneno yenyewe, jina la akaunti, namba ya utambulisho wa mchezaji, tarehe na saa. Kwa matusi ya sauti, kinasa skrini cha simu husaidia. Ushahidi huo usisambazwe kwenye makundi, kwani kufanya hivyo huongeza ugomvi na huweza kumweka aliyeonewa katika kosa.

Hatua ya tatu ni kuripoti ndani ya mchezo, kisha kumzuia mhusika. Ya nne ni kutolipiza. Anayejibu tusi kwa tusi hupoteza nguvu ya malalamiko yake, na mara nyingi akaunti zote mbili hufungiwa.

Vitisho vinavyotaja mahali mtu anapoishi au anaposoma visichukuliwe kama maneno ya mchezo. Desemba 2017, mjini Wichita, Marekani, ugomvi wa dau la dola 1.50 katika mchezo wa Call of Duty ulimfanya mtu mmoja awapigie polisi simu ya uongo. Polisi walifika kwenye anwani waliyopewa na kumuua kwa risasi mwanamume ambaye hakuhusika kabisa na mchezo huo. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilitaja makosa mawili yanayogusa michezo moja kwa moja. Kifungu cha 24 kinahusu kutumia kompyuta kumtolea mtu maombi machafu au kumtishia kumdhuru, yeye au mali yake. Adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3, au faini ya shilingi 1,440,000, au vyote viwili. Kifungu cha 26 kinahusu kumwandama mtu mara kwa mara kwa mawasiliano ya kielektroniki na kumtia hofu ya usalama wake. Adhabu yake hufikia miaka 5 au faini ya shilingi 2,400,000, au vyote viwili.

Tusi la kawaida ni jambo jingine. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kilichofanya “mawasiliano ya kuudhi” kuwa jinai, kwa kuwa hakikueleweka mipaka yake na kilibana uhuru wa kujieleza. Aidha, sheria hii imewahi kuleta mabishano makali. Mwaka 2019 msomi na mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 kwa kifungu cha 24 kutokana na shairi lililomhusu Rais, na Februari 2020 Mahakama Kuu iliitengua hukumu hiyo. Ndiyo maana polisi si mahali pa kupeleka kila neno la kuudhi. Panafaa pale penye tishio, kuandamwa, ulaghai wa fedha, au mtoto kuombwa picha chafu.

Anayehitaji kwenda polisi afike na simu yenye ushahidi asilia, aombe malalamiko yaandikwe, na aondoke na namba ya kumbukumbu ya kituo. Kwa watoto, vituo vya polisi vina kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Simu ya bure ya Sauti, namba 116, hupokea taarifa za watoto wanaonyanyaswa kutoka kila pembe ya nchi. Ugomvi wa majirani usio na jinai unaweza kupelekwa kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye anazifahamu familia zote mbili.

Wasichana wanaoficha sauti zao

Wasichana hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mara sauti ya kike inaposikika, mazungumzo yanaweza kuhama kutoka kwenye mchezo hadi kwenye mwili wa msemaji. Baadhi huchagua majina ya kiume au huzima kipaza sauti, na kwa kufanya hivyo hukosa mawasiliano yanayoisaidia timu kushinda.

Hasara hiyo ni ya kila mtu. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow katika mchezo wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU, na akawafungulia wasichana wa Afrika Mashariki mlango wa michezo ya ushindani ya kielektroniki. Kundi linalomfukuza msichana kwa maneno machafu huenda linamfukuza mchezaji wake bora.

Wajibu wa wazazi na viongozi wa makundi

Mzazi anayempokonya mtoto simu mara tu anaposikia habari ya matusi humfundisha jambo moja: kutosema tena. Ni heri aulize kwanza nani alisema, alisema nini, na je, anajua mtoto anaishi wapi. Baada ya hapo wakae pamoja wafunge mlango wa ujumbe kutoka kwa wasiojulikana, waondoe jina halisi na picha kwenye akaunti, na wakubaliane kwamba nenosiri halipewi mtu yeyote, hata anayeahidi zawadi.

Viongozi wa makundi ya michezo nao wana nguvu kuliko kampuni iliyo mbali. Kanuni chache zilizoandikwa kwa lugha inayoeleweka na wote zinafaa: hakuna kutukana kabila, dini wala wazazi, hakuna maneno ya ngono, hakuna kuanika taarifa za mtu. Anayekosea aonywe, akirudia asimamishwe kwa wiki, akizidi aondolewe. Riot Games iligundua kwamba waliofungiwa walijirekebisha zaidi walipoelezwa kosa lao waziwazi na kuonyeshwa maneno yao wenyewe. Adhabu isiyo na maelezo iliacha kinyongo.

Kanuni hizo zitolewe kabla ya mashindano kuanza na zimhusu kila mtu, akiwemo kiongozi mwenyewe na mchezaji hodari ambaye timu inaona taabu kumkosa. Kundi linalomvumilia bingwa anayetukana limekwisha kuwaambia wengine wote thamani yao ni ipi.