Mjusi Asiye na Miguu wa Dar es Salaam

Ukonga kuna mijusi ambao hata mtoto anawajua. Mjusi kafiri yuko ukutani karibu na taa. Mjusi islamu, yule mwenye ngozi ya kung'aa, anapita chini ya majani makavu uani. Ninayemtaka leo ni ndugu wa huyu wa pili, ila yeye hana mguu hata mmoja na anaishi ndani ya mchanga. Ukimfukua utasema nyoka, na jembe litakuwa limeshashuka.

Kitaalamu anaitwa Scolecoseps acontias. Alielezwa mwaka 1913 na Franz Werner, mtaalamu wa reptilia kutoka Vienna, alipoandika juu ya mikusanyo ya jumba la makumbusho la Hamburg. Mahali alikotoka: Dar es Salaam. Basi. Enzi hizo neno hilo lilitosha, maana mji wa Wajerumani ulikuwa umejikusanya kando ya bandari, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ilikuwa haijapita mbali kabla ya kuingia mashambani na vilima vya Pugu. Leo Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na anwani ile ni sawa na kumtafuta mtu kwa kuambiwa tu kwamba anakaa Tanzania.

Jina lenyewe ni Kigiriki kitupu. Sehemu moja inamtaja mnyoo, nyingine nyoka anayechomoka kama mkuki. Waliokuwa wakikutana naye kila msimu wa kulima hawamo kabisa ndani yake, na hilo linanikera kidogo.

Hilo jina la jenasi lilikuja baada ya Werner, na lililetwa na vita. Arthur Loveridge, kijana wa makumbusho ya Nairobi aliyeingia jeshini, alikuwa akikusanya mijusi huku kampeni ya Afrika Mashariki ikiendelea. Huko Lumbo, pwani ya Msumbiji, alipata mjusi wa namna hii, na mwaka 1920 akamtungia jenasi mpya. Mwaka 1995 Donald Broadley akaeleza mwingine kutoka msitu wa Litipo, Lindi. Wa nne, wa kaskazini mwa Msumbiji, alitangazwa mwaka 2018. Yaani ukoo mzima uko kwenye ukanda huu wa pwani, haupatikani kwingine duniani, na wa kwetu ndiye aliyekaa mwisho kabisa upande wa kaskazini.

Jengo la makumbusho la Hamburg liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1943. Huku kwetu mchanga unaondoka kwa lori, tripu baada ya tripu, kwenda kufyatulia matofali, na penye kichaka leo kesho kuna msingi. Kwa hiyo ukichimba shimo la choo Ukonga au Majohe, ukaona kitu chembamba kinazama mchangani, simama mbali kidogo, umpige picha. Mkia ukikatika ukabaki unachezacheza peke yake, huyo si nyoka.