SIDII ZA SINEMA ZA ZAMANI, Sehemu ya 3: Kwa nini nanunua kitu ambacho maduka yanaacha kuuza



Wiki iliyopita nilipoweka picha ya kabati langu la sidii, maswali yalikuwa mengi kuliko siku ile nilipoandika kuhusu homa ya watoto. "Nesi, una intaneti ndani, simu mkononi, sidii za nini tena?" Mwingine akauliza kama nafungua maktaba ya video kama zile za mtaani enzi zetu. Leo najibu. Jibu ni refu, mlaze mtoto kwanza.

Mambo yalianzia kazini. Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Marekani. Kuna bibi mmoja, jina wala chumba sisemi, ugonjwa wa kusahau umemfikisha mbali. Anasahau kama amekula, anamwita binti yake kwa jina la dada yake. Jioni ndiyo balaa: anazunguka korido akitafuta njia ya kwao. Siku moja mwenzangu akamwekea kwenye televisheni Meet Me in St. Louis, filamu ya mwaka 1944, steringi wake ni Judy Garland. Jamani, bibi akakaa. Akaimba nyimbo zile, maneno yote anayo. Ikawa ndiyo dawa yetu ya saa kumi na moja jioni.

Halafu siku moja tunaitafuta kwenye huduma ya mtandaoni tunayoilipia, haipo. Malipo yetu yalikuwa sawa kabisa. Haki yao ya kuionyesha ilikuwa imekwisha, basi. Nikaenda duka la mitumba, nikaipata sidii kwa dola moja, ina hata stika ya maktaba iliyokuwa nayo zamani. Bibi anaiangalia mpaka leo.

Nikadhani hili ni tatizo la siku hizi. Nilipoanza kusoma nikakuta ni tabia ya zamani sana ya biashara ya sinema, na historia yake inapita mpaka hospitalini.

Mliowahi kushika picha ya eksirei, ile ya plastiki nyeusi, sikilizeni. Tarehe 15 Mei 1929, katika hospitali ya Cleveland Clinic, jimbo la Ohio, filamu za eksirei zilizohifadhiwa chumba cha chini ziliwaka moto. Walikufa watu 123. Wengi hawakuungua hata kidogo, walivuta moshi wenye sumu. Wapo waliotoka nje kwa miguu yao, wakaonekana wazima, wakafa baada ya saa kadhaa. Sisi manesi kisa hiki kinatuhusu moja kwa moja. Filamu zile zilikuwa za nitrati, plastiki inayotengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizotiwa asidi, na ni ndugu wa baruti. Ikishika moto inajitolea oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo hata ukiizamisha kwenye maji inaendelea kuwaka. Baada ya Cleveland hospitali zikaharakisha kuhamia filamu salama.

Hollywood ilikuwa inapiga sinema zake kwenye nitrati hiyohiyo, na iliendelea nayo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwenye kampuni wakati ule. Sinema imeshazunguka kwenye majumba yote, watu wameshaiona, hakuna televisheni, hakuna deki. Iliyobaki ni mikebe inayokula nafasi na inayoweza kuunguza jengo zima. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu za kimya zikaonekana takataka kabisa. Nyingi zilitupwa, nyingine zikayeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox lililoko Little Ferry, New Jersey, likaungua, na sehemu kubwa ya filamu zao za kimya zikaenda. Theda Bara alikuwa nyota mkubwa wa Fox. Cleopatra yake ya 1917, iliyojaza majumba, leo vimebaki vipande vifupi tu.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyohesabu filamu ndefu za kimya zilizotengenezwa huko: 10,919. Zilizobaki kamili katika hali yake ya asili ni asilimia 14. Nyingine zipo nusunusu au kwa nakala hafifu, na karibu asilimia 70 hazipo kabisa. Waliozitengeneza hawakuona sababu ya kuzitunza.

Zilizopona, nyingi zilipona kwa mtu wa pembeni. Mwaka 1978 katika mji wa Dawson, kaskazini mwa Kanada, mashine ya kuchimba iliibua mikebe zaidi ya 500 ya filamu iliyokuwa imezikwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani. Dawson ulikuwa mwisho wa njia ya usambazaji, kampuni hazikutaka kulipa gharama ya kuzirudisha, na ardhi yenye barafu ikazitunza miaka karibu hamsini. Na hii ya pili naipenda zaidi ingawa siyo ya Hollywood: filamu ya Ufaransa ya 1928 kuhusu Joan of Arc, iliyodhaniwa imeungua katika umbo lake la kwanza, ilikutwa mwaka 1981 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oslo. Mwenzetu fulani aliiweka kabatini ikasahaulika. Kwa hiyo msinicheke na kabati langu.

Mtu wa kawaida kumiliki sinema nyumbani ni jambo la juzijuzi, na kampuni zilipigana nalo. Mwaka 1974 FBI walivamia nyumba ya mwigizaji Roddy McDowall wakachukua mkusanyiko wake wa filamu, yeye ambaye mwenyewe alikuwa anacheza humohumo Hollywood. Ilipotoka mashine ya Sony ya kurekodi televisheni, Universal na Disney walikwenda mahakamani kuizuia. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa Januari 1984 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Sony walishinda kwa jaji mmoja tu!

Akina mama mtampenda shahidi mmoja wa kesi hiyo. Ni Fred Rogers, yule mzee mpole wa kipindi cha watoto. Alisema haoni ubaya familia ikirekodi kipindi chake na kukiangalia pamoja muda unaowafaa. Fikiria mzazi anayetoka zamu saa mbili usiku. Majaji walimtaja kwenye hukumu yao.

Baada ya hapo zikaja kanda, kisha DVD, iliyoingia Marekani mwaka 1997. Mwaka 2005 Wamarekani walinunua DVD za kiasi cha dola bilioni 16. Hela hiyo ilifanya kazi nzuri ambayo watu hawaisemi: kampuni zilirudi maghalani, zikatafuta nakala bora, zikasafisha mikwaruzo, kwa sababu sinema ya kale sasa iliweza kuingiza pesa mara ya pili. King Kong ya 1933 ilisafishwa ikatoka kwenye DVD mwaka huohuo wa 2005, baada ya miaka sabini na mbili.

Halafu soko likasinyaa. Mwaka 2009 Warner walianza kutengeneza sidii za filamu zao za zamani kwa oda, unaagiza ndipo wanakuchomea yako, kwa sababu kujaza maduka hakukulipa tena. Kampuni ndogo ya Twilight Time ilikuwa inatoa nakala 3,000 tu za kila filamu. Ilianza 2011, ikafunga 2020. Netflix, ambayo wengi hamjui kwamba ilianza kwa kuposti sidii kwenye bahasha, ilituma ya mwisho Septemba 2023. Best Buy wakaziondoa madukani mwanzoni mwa 2024. Mwaka 2023 mauzo ya sidii yalikuwa chini ya dola bilioni mbili. Wanaonunua sasa ni watu kama mimi, na wengi wao wamenizidi umri mbali.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kila mara namna ya kuuza inapobadilika, kuna filamu haivuki. Iliyokuwa kwenye kanda haikuhamishiwa sidii, iliyo kwenye sidii haipo mtandaoni. Maarufu itavuka, Wizard of Oz haitapotea. Inayopotea ni ile ya katikati, ile ambayo bibi wa chumba fulani anaijua kwa moyo.

Tena hata iliyo mtandaoni si yako. Huku kuna kanuni ya mahakama ya mwaka 1908. Mchapishaji mmoja aliandika ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe chini ya dola moja, wenye duka la Macy's wakakiuza senti 89. Akashitaki, akashindwa: ukishauza nakala, umeuza. Ndiyo maana sidii unaweza kuiazimisha, kuigawa, kumwachia mwanao, na maktaba za umma zinaazimisha bure. Ya mtandaoni umepewa ruhusa ya kuangalia tu, na ruhusa inaondolewa.

Juni 2020 huduma moja kubwa iliiondoa Gone with the Wind kwa muda kwa sababu inavyoonyesha utumwa, ikairudisha baadaye ikiwa na maelezo mbele. Nimelifikiria sana hili, mimi mama mweusi mwenye watoto wanaosoma shule za huku. Filamu ile inapamba mambo ya kutisha, hilo sipingi. Lakini ndani yake yumo Hattie McDaniel, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, ambaye usiku wa kutunukiwa, mwaka 1940, alikalishwa meza ya pembeni mbali na wenzake. Nataka binti yangu aijue habari hiyo, na nataka niwe mimi ninayeamua lini, nikiwa nimekaa naye. Kwa hiyo sidii ipo, rafu ya juu, na bado hajaiona. Ana miaka saba.

Sasa mambo ya vitendo, maana nesi hakosi maelekezo.

Sidii nazo zinaugua. Warner walikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zao zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinaoza kwa ndani, wakasema watabadilisha pale wanapoweza. Ukinunua za miaka hiyo usiziweke tu kabatini, zicheze mpaka mwisho. Nyingi huanza kukwama katikati au karibu na mwisho, na ukiitazama nje inang'aa vizuri tu. Shika sidii pembeni. Ifute kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Isimamishe kama kitabu, mbali na jua la dirishani. Na dawa ya meno ni ya meno, acheni kuisugulia sidii.

Mnaotuma nyumbani, angalieni namba ya kanda nyuma ya kasha. DVD za Marekani ni kanda 1, Tanzania na Kenya ni kanda 5. Deki nyingi za huko zinacheza zote, lakini siyo zote. Niliwahi kumtumia wifi yangu sidii sita kwa Krismasi, zikagoma zote sita, nikabaki naomba radhi kwenye simu. Blu-ray ndiyo kabisa, huku ni A na huko ni B. Na kama deki yako bado nzima usiigawe: Samsung waliacha kutengeneza mashine za Blu-ray, LG nao wakafuata.

Kwa wanaoanza na watoto wadogo: anzeni na za kimya. The Kid ya Charlie Chaplin, 1921, haihitaji mtoto ajue Kiingereza hata neno moja. Wangu walicheka, kisha pale mtoto anapochukuliwa kwenye gari wakanishika mkono wote wawili. Hicho kipande kaa nao.

Sehemu ya 4 nitaandika orodha kwa umri, na zile zenye sigara na vipigo nitaziwekea alama. Mama uliyeuliza kuhusu kanda za harusi yako zinazoota ukungu, nimekuona, usizichezeshe kwanza, nitakujibu kesho. Naingia zamu.