Umoja ni Nguvu, Lakini Nguvu ya Nani?

Tangu tukiwa watoto tumefundishwa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Methali hiyo sina ugomvi nayo. Lakini jambo ninalotaka tulizungumze wiki hii limenifanya niiongezee swali dogo: wawili waliokuwa wakishindana wakiamua kuungana, nguvu inayopatikana ni ya nani?

Jambo lenyewe ni historia ya ligi za mpira wa Kimarekani, yaani ule mpira wenye umbo kama la yai, ambao hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu. Najua wengi wetu hatuufuatilii mchezo huo. Lakini mambo ya fedha na wenye fedha hayana ugeni popote.

Nieleze kwanza jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sisi tumezoea ligi zenye kupanda na kushuka daraja. Timu ya mtaani ikijitahidi, inaweza siku moja kuingia uwanjani na Simba au Yanga. Katika mpira wa Kimarekani utaratibu huo haupo. Nafasi katika ligi hununuliwa, na wanaoamua nani auziwe ni wale wale wenye timu waliokwisha kuingia. Mtu akibisha hodi na mfuko wake wa dola, akaambiwa nafasi hakuna, njia inayobaki ni moja tu: akajenge nyumba yake mwenyewe.

Ligi kubwa, ile ya NFL, ilianzishwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Haikupita miaka mingi mlango ukabishwa. Mwaka 1926 bwana mmoja, C. C. Pyle, wakala wa mchezaji aliyevuma sana wakati huo, Red Grange, aliomba kuwa na timu New York. Akakataliwa. Akaanzisha ligi yake yenye timu tisa. Ilidumu msimu mmoja tu, ikafa, na timu yake ikapokelewa na wakubwa wale wale mwaka 1927.

Mwaka 1946 likaja jaribio lenye uzito zaidi. Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, alisimamia kuundwa kwa ligi iliyoitwa All-America Football Conference. Timu yake kali ilikuwa Cleveland Browns, chini ya kocha Paul Brown, na ilitwaa ubingwa katika misimu yote minne ya ligi hiyo. Lakini lipo jambo kubwa kuliko vikombe. Tangu mwaka 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza katika ligi ya NFL. Mwaka 1946 Cleveland iliwasajili Marion Motley na Bill Willis, na mwaka huo huo timu ya Los Angeles Rams ya NFL ikawachukua Kenny Washington na Woody Strode. Mlango uliofungwa miaka 12 ukafunguka.

Desemba 1949 vita ile ya fedha ikamalizwa kwa mapatano. Timu tatu, Cleveland, San Francisco na Baltimore, zikachukuliwa na NFL. Nyingine zikavunjwa. Watu walibeza kwamba Cleveland ilikuwa ikishinda vibonde. Basi katika mchezo wake wa kwanza mwaka 1950 iliifunga Philadelphia, waliokuwa mabingwa wa NFL, kwa pointi 35 kwa 10, na mwisho wa msimu ikatwaa ubingwa.

Sasa twende kwenye kisa kikubwa kuliko vyote. Kijana mmoja wa Texas, Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta, alitaka kununua timu ya Chicago Cardinals aipeleke Dallas. Hakufanikiwa. Akatafuta matajiri wenzake ambao nao walikuwa wamefungiwa mlango, na mwaka 1960 ligi ya AFL ikaanza kucheza ikiwa na timu nane. Wenyewe walijiita kwa utani chama cha wapumbavu, maana walijua hasara iliyokuwa ikiwangoja.

Lakini wapumbavu hao walikuwa na akili. Waliuza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana fedha sawa kwa sawa, ili timu ya mji mdogo isife njaa wakati ya New York inavimbiwa. Waliweka majina ya wachezaji mgongoni mwa jezi, jambo ambalo NFL ililiiga baadaye. Walikwenda kutafuta vipaji katika vyuo vya watu weusi, ambavyo wengine walivipita bila kuvitazama. Na mwaka 1964 televisheni ya NBC ilipokubali kuwalipa dola milioni 36 kwa miaka mitano, wakawa na nguvu ya kupigana.

Hapo ndipo mnada wa wachezaji ulipopamba moto. Januari 1965 timu ya New York Jets ilimsajili kijana aliyetoka chuoni, Joe Namath, kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa dola 427,000. Fedha hizo zilishangaza taifa zima. Kila kijana mwenye kipaji alikuwa na matajiri wawili mlangoni kwake, na mmoja akisema kumi, mwingine anasema kumi na tano.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa, ndugu wasikilizaji, mambo yalikuwa kinyume. Tembo walipopigana, nyasi zilistawi. Walipopatana, ndipo nyasi zilipokanyagwa.

Wenye timu waliona kwamba mnada ule utawamaliza. Aprili 1966 Lamar Hunt alikutana na Tex Schramm, kiongozi wa timu ya Dallas Cowboys, katika uwanja wa ndege wa Love Field mjini Dallas. Wakaenda kuketi ndani ya gari, katika maegesho, wasionekane, wakazungumza habari ya kuungana. Nje vita viliendelea. Mwezi Mei timu ya New York Giants ya NFL ilimchukua mpiga mpira Pete Gogolak kutoka Buffalo ya AFL, na AFL ikaanza kuwawinda warushaji wakubwa wa upande wa pili. Tarehe 8 Juni 1966 mapatano yakatangazwa.

Masharti yake yasikilizeni vizuri. Timu za AFL zingelipa dola milioni 18 katika muda wa miaka 20. Bingwa wa ligi moja angekutana na bingwa wa ligi nyingine, na mchezo huo wa kwanza ulichezwa Januari 1967, Green Bay wakaifunga Kansas City 35 kwa 10. Ligi zingekuwa moja kabisa mwaka 1970. Na tangu mwaka 1967 vijana wa vyuoni wangegawanywa kwa orodha moja, kila timu ikichagua kwa zamu. Maana yake ni nini? Maana yake kijana aliyekuwa na wanunuzi wawili sasa alibaki na mmoja. Hukubali bei yake, kaa nyumbani.

Kwa sheria za Marekani mapatano ya namna hiyo yangeweza kushtakiwa kuwa ni ukiritimba. Ikabidi wabunge wapitishe sheria ya kuyakinga, Oktoba 1966. Wanasiasa wa Louisiana, Russell Long na Hale Boggs, waliisukuma sheria hiyo, na haukupita muda mji wa New Orleans, katika jimbo lao, ukapewa timu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wachezaji walisubiri hadi mwaka 1993, baada ya migomo na kesi nyingi, ndipo wakapata haki ya kweli ya kuhama timu mikataba yao inapokwisha.

Waliojaribu baadaye kuifuata njia ya Hunt hawakuwa na subira yake. Ligi ya WFL ilianza mwaka 1974 na kufa Oktoba 1975, katikati ya msimu. Wachezaji wengi hawakulipwa, na timu ya Birmingham, baada ya kutwaa ubingwa wa mwaka 1974, ilinyang'anywa jezi zake kwa sababu ya madeni. Ligi ya USFL ilianza vizuri mwaka 1983, ikicheza majira ya kuchipua, wakati wakubwa wamepumzika. Lakini baadhi ya wenye timu, akiwamo Donald Trump aliyenunua timu ya New Jersey, walitaka ihamie majira ya vuli ikapambane na NFL uso kwa uso, huku wakiishtaki mahakamani. Mwaka 1986 walishinda kesi. Mahakama ilikubali kwamba NFL ni mkiritimba, ikawapa fidia ya dola moja, ambayo kwa sheria huzidishwa mara tatu. Dola tatu! Ligi haikucheza tena.

Miaka ya karibuni mchezo umerudiwa. Mwaka 2019 ligi ya AAF ilikufa baada ya wiki nane. XFL ilisimamishwa na korona mwaka 2020, ikarudi 2023. USFL mpya ilianza 2022. Hizi mbili za mwisho zikaungana na kuanza kucheza pamoja Machi 2024 kwa jina la UFL. Magazeti yakasifu hekima ya umoja. Lakini timu zilikuwa 16, zikabaki nane. Hesabu wewe mwenyewe ni vijana wangapi walirudi nyumbani.

Simaanishi kwamba kuungana ni kubaya. Ligi isiyo na fedha haimlipi mtu mshahara, na wachezaji wa mwaka 1974 ni mashahidi. Ninachosema ni kwamba tukisikia kampuni mbili, mabenki mawili au vyama viwili vinaungana kwa manufaa ya wote, tuulize nani alikuwapo wakati wa kukata shauri. Katika gari lile pale Love Field walikaa watu wawili. Mchezaji hakuwamo.