Mfukuzaji na Mfukuzwa: Historia ya Hesabu Moja ya Mwendo

Katika hesabu wapewazo wanafunzi wanaoanza elimu ya fizikia, ni chache zilizo mashuhuri kama hii: gari lampita askari kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, wala halibadili mwendo wake, papo hapo askari aondoka na pikipiki iliyokuwa imesimama, mbio zake zikiongezeka kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Je, atalipata lini? Wengi hujibu upesi ya kuwa ni baada ya sekunde 5, maana hapo mbio za pikipiki zimekuwa sawa na za gari. Jibu hilo si kweli. Tena ni kinyume cha kweli. Baada ya sekunde 5 gari limekwenda mita 100 na pikipiki mita 50, na hiyo ndiyo saa ambayo mfukuzwa yu mbali kabisa na mfukuzaji. Watakutana baada ya sekunde 10, mita 200 kutoka walipoanzia, na pikipiki wakati huo itakuwa inakwenda mita 40 kwa sekunde, yaani mara mbili ya mbio za gari. Mara mbili hiyo haikutokana na tarakimu zilizochaguliwa. Ziwekwe nyingine zozote, maadam mfukuzaji ameanza kutoka kusimama na mbio zake huongezeka kwa kiasi kile kile, jibu litakuwa lile lile.

Kufukuzana ni fumbo la kale. Katika mkusanyo wa mafumbo ya Kilatini ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa wa Alcuin, mwalimu wa karne ya 8 aliyetumika katika baraza la mfalme Charlemagne, mbwa amfukuza sungura katika uwanja wa futi 150. Mbwa huruka futi 9, sungura futi 7. Kila mruko humwongezea mbwa futi 2, basi baada ya miruko 75 sungura amekamatwa. Hapo hapana ongezeko la mbio, lile ambalo leo huitwa mchapuko. Ni kutoa na kugawanya tu.

Mchapuko waonekana kwa Leonardo wa Pisa, ajulikanaye zaidi kwa jina la Fibonacci. Huyu alijifunza tarakimu za Kihindi huko Bugia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa na kazi ya forodha. Na katika kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 aliwaleta wasafiri wawili. Mmoja huenda maili 20 kila siku. Mwenziwe huenda maili 1 siku ya kwanza, 2 siku ya pili, 3 siku ya tatu, na kuendelea hivyo. Watakutana lini? Kanuni yake ni fupi: zidisha 20 kwa mbili, kisha toa moja, ni siku ya 39. Na kweli, kila mmoja atakuwa amekwenda maili 780.

Mara mbili imekwisha kuonekana, lakini ile moja inayotolewa yatoka wapi? Yatoka katika siku. Msafiri wa Fibonacci haongezi mbio zake njiani. Huziongeza alfajiri tu, kama mtu apandaye ngazi. Akiziongeza kila nusu siku kwa nusu ya kiasi kile, watakutana baada ya siku 39 na nusu. Akiziongeza kila saa kwa sehemu moja ya 24, watakutana baada ya siku 40 kasoro saa moja. Kadiri vidato vinavyokuwa vidogo, ndivyo ile moja inavyoyeyuka, hata ibaki mara mbili kamili. Lakini mtu asemaye hivyo hana budi kukubali kitu kigumu: mbio zilizopo katika nukta moja ya wakati, ambayo ndani yake hapana umbali wowote uliokwendwa.

Ugumu huo waliukabili wanazuoni wa Oxford katika karne ya 14. William Heytesbury, mwaka 1335, aliandika ya kuwa mwendo unaoongezeka sawasawa hukata umbali ule ule ambao ungekatwa, kwa muda ule ule, na mwendo usiobadilika ulio sawa na mbio za katikati ya muda. Nicole Oresme, katika Ufaransa, aliithibitisha kauli hiyo kwa mchoro: pembetatu na mstatili wenye kitako kimoja, mstatili ukiwa na nusu ya kimo cha pembetatu, maeneo yao ni sawa. Mwenye kuutazama mchoro huo aona pikipiki na gari vimekutana.

Aliyeuingiza mchoro kama huo katika elimu ya mawe yaangukayo na mipira ibingirikayo ni Galileo, naye hakufika kwa njia iliyonyoka. Mwaka 1604 alimwandikia Paolo Sarpi kwamba mbio za kitu kiangukacho huongezeka kwa kadiri ya umbali. Alikosa, huongezeka kwa kadiri ya wakati. Katika kitabu chake cha elimu mbili mpya, kilichopigwa chapa Leiden mwaka 1638, kosa hilo limetiwa kinywani mwa Sagredo, na Salviati anamjibu kwamba mwandishi mwenyewe alidumu nalo kwa muda. Watu hao wawili walikuwa rafiki zake wa kweli, waliofariki zamani. Ni wachache wanaoungama hivyo hadharani, na Galileo alikuwa na sababu ya kunyamaza: tangu hukumu ya mwaka 1633 alikuwa mfungwa nyumbani kwake, na maadui hawakumpungukia.

Nadharia ya kwanza ya sehemu ile ndiyo hesabu ya askari na gari, ijapokuwa imeandikwa kwa maneno na mistari bila alama za aljebra: kitu kianzacho kutoka kusimama hukata umbali kwa muda ule ule ambao kingeukata kama kingekwenda daima kwa nusu ya mbio zake za mwisho. Chini yake pana mchoro wa pembetatu na mstatili. Kitabu kilipotoka mtamboni, Galileo alikuwa amekwisha kupofuka macho yote mawili.